Watu Arobaini Sokoni

Karibu na mwaka 399 KK, katika mji wa Sparta, kijana mmoja aitwaye Kinadon alimpeleka mtu hadi ukingoni mwa soko, akamtaka ahesabu raia kamili waliokuwamo saa ile. Yule mtu akaangaza macho. Alimwona mfalme, akawaona maefori na wazee wa baraza, kisha watu wengine kama 40 hivi. Akauliza hesabu hiyo ina kazi gani. Kinadon akamwambia hao wote awaweke upande wa maadui. Waliosalia, zaidi ya 4,000 waliojazana sokoni hapo, ni wenzao.

Kuhusu silaha Kinadon hakuwa na wasiwasi. Walioandikishwa jeshini walikuwa nazo tayari. Kwa ajili ya wengine, alimpitisha mwenzake palipouzwa vyuma, akamwonyesha visu, panga, mashoka na miundu vikisubiri wanunuzi, akaongeza kwamba hata zana za mkulima, seremala na mchonga mawe zinatosha kumpiga mtu aliyekutwa mikono mitupu.

Yule mtu alitoka hapo akaenda kuwaarifu maefori, wale maofisa watano waliochaguliwa kila mwaka kuiendesha serikali. Wakaingiwa na hofu kiasi cha kutothubutu hata kuitisha mkutano. Wakamtuma Kinadon kikazi, eti aende Aulon, upande wa Messenia, akawakamate watu fulani. Hakushuku kitu, kwa kuwa alikwisha kutumwa kazi za namna hiyo. Vijana waliomsindikiza walikuwa na amri ya kumkamata yeye. Alipobanwa akataja majina. Alipoulizwa alitaka nini hasa, akajibu kuwa hakutaka kuwa chini ya mtu yeyote katika Sparta. Wakamtia kongwa shingoni na mikononi, wakamzungusha mjini pamoja na wenzake, wakichapwa mijeledi na kuchomwa michokoo.

Habari hii inatoka kwa Xenophon, Mwathene aliyeipenda Sparta kuliko kwao, aliyepigana upande wake na akapewa shamba kwa hisani yake. Hakuwa na sababu ya kuwazulia rafiki zake fedheha. Ndiyo maana hesabu ile ya sokoni ni ya kuaminiwa: upande mmoja watu arobaini na wakubwa wao, upande wa pili halaiki.

Sparta ambayo wengi wetu tumeijua kwa filamu ya 300 ni ya wanaume wenye vifua vipana wakinguruma kwenye njia nyembamba ya Thermopylae. Wale 300 walikuwako kweli, mwaka 480 KK, pamoja na mfalme wao Leonidas. Lakini Herodotus, aliyeandika habari za vita hivyo, anasema katika maiti zilizolala pale zilikuwamo pia za waheloti. Filamu haikuwa na nafasi yao. Sura hii inawatazama wao kwanza, kwa kuwa mtu asiyewajua waheloti hawezi kueleza kwa nini mji mzima uligeuka kambi.

Sparta ilikuwa bondeni mwa mto Eurotas, kusini kabisa mwa Ugiriki, chini ya safu ya milima ya Taygetus. Haikuwa na fahari ya majengo. Ilikuwa mkusanyiko wa vijiji tu, na Thucydides aliandika kwamba siku mji huo ukihamwa, watakaokuja baadaye wakayaona magofu yake hawatasadiki kwamba uliwahi kuwa na nguvu ile. Utajiri wake ulikuwa udongo. Ng'ambo ya Taygetus kulikuwa na Messenia, nchi yenye rutuba kuliko ya Sparta yenyewe, na katika karne ya 8 na ya 7 KK Wasparta waliivamia, wakaitwaa kwa vita vya miaka mingi, wakawabakiza wenyeji humohumo wakiwalimia waliowashinda. Hao ndio waheloti, pamoja na wenzao wa bonde la Eurotas waliotiwa katika hali hiyohiyo.

Watumwa wa Athens kwa kawaida walinunuliwa mmojammoja, wametoka huku na huko, hawana lugha moja wala kaburi la babu mmoja. Mheloti alizaliwa mahali alipozaliwa baba yake, akaoa huko, akasema Kigiriki kama bwana wake, na wale wa Messenia walikumbuka kwamba nchi ile ilikuwa yao. Bwana wake hakuruhusiwa kumwuza nje wala kumwacha huru kwa hiari yake. Mheloti alikuwa mali ya dola. Alilima, akatoa sehemu ya mavuno. Tyrtaeus, mshairi wa Sparta wa karne ya 7 KK, anataja nusu.

Na walikuwa wengi. Mwaka 479 KK, kwenye vita vya Plataea dhidi ya Waajemi, Sparta ilitoa raia 5,000 wenye silaha nzito, na Herodotus anasema kila mmoja aliandamana na waheloti saba: watu 35,000. Tarakimu hizo huenda zimezungushwa, lakini hata ukizikata nusu bado unaelewa bwana wa Sparta alilala usingizi wa namna gani.

Wasparta walijua wanachokiogopa. Kwa mujibu wa Aristotle, kila mwaka maefori wapya walipoingia kazini walitangaza rasmi vita dhidi ya waheloti, ili atakayemwua mmoja wao asihesabiwe kuwa na damu ya mtu mikononi. Fikiria serikali inayotangaza vita dhidi ya wakulima wake kila mwaka, tena kwa utaratibu wa kawaida, kama tunavyosoma bajeti. Kulikuwa pia na krupteia: vijana waliochaguliwa kwa akili na ushupavu walitumwa mashambani na kisu na chakula kidogo tu, wakijificha mchana, wakishuka usiku kwenye njia kumwua mheloti waliyemkuta. Wakati mwingine walipita mashambani mchana kweupe, wakawaondoa waliokuwa na miili yenye nguvu kuliko wengine.

Tukio baya kuliko yote analisimulia Thucydides, na analisimulia kwa sentensi chache kavu. Wakati wa vita na Athens, serikali iliwatangazia waheloti kwamba wanaojiona wameitumikia Sparta vyema vitani wajitokeze, wapewe uhuru. Ulikuwa mtego. Wasparta waliona kwamba atakayekuwa wa kwanza kudai uhuru ndiye mwenye moyo wa kuasi. Wakachaguliwa kama 2,000. Wakavishwa mataji ya maua, wakayazunguka mahekalu kwa furaha kama watu walioachwa huru. Baada ya muda mfupi hawakuonekana tena, na hakuna aliyejua kila mmoja aliuawaje. Wako wanahistoria wa leo wanaoitilia shaka habari hii. Mimi siioni ngeni kwa dola iliyokuwa na krupteia.

Tukifika hapo, kwata na viboko vya Sparta vinaanza kueleweka. Jeshi lile lilijulikana kwa kupigana nje, lakini sababu ya kuwapo kwake ilikuwa ndani. Wasparta walikuwa wazito kutuma majeshi yao mbali au kwa muda mrefu. Karibu na mwaka 464 KK tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji, na waheloti hawakusubiri vumbi litulie: waliasi, wakajichimbia kwenye mlima Ithome huko Messenia, na kuwaondoa kulichukua miaka. Wasparta wenyewe, mabingwa wa vita wa Ugiriki nzima, waliomba msaada kwa majirani, Athens ikiwamo. Waathene walipofika, Sparta ikaanza kuhofu kwamba wageni hao wenye fikra za kupenda mageuzi wataungana na waasi. Ikawarudisha kwao, wao peke yao kati ya washirika wote. Athens haikusahau aibu hiyo. Mwaka 421 KK, miji hiyo miwili ilipofunga mkataba baada ya vita vya miaka kumi, kikawekwa kifungu kwamba watumwa wakiasi, Athens itaisaidia Sparta kwa nguvu zake zote. Athens haikuomba kifungu kama hicho kwa upande wake.

Raia kamili wa Sparta walijiita Walio Sawa. Jina zuri, na kwa kiasi fulani la kweli, mradi mtu akumbuke ni usawa wa wangapi. Juu yao walikuwa wafalme wawili kwa pamoja, kutoka koo mbili, waliokuwa majemadari wa vita. Kulikuwa na baraza la wazee 28 waliopita umri wa miaka 60, wafalme wakitimiza idadi ya 30. Wazee hao walichaguliwa kwa kelele: mgombea alipita mbele ya mkutano, na aliyeshangiliwa kwa sauti kubwa kuliko wengine ndiye aliyeshinda. Aristotle aliuona utaratibu huo ni wa kitoto. Chini ya Walio Sawa walikuwa waperioiko, watu huru wa miji midogo iliyozunguka Sparta, wenye ufundi wao na biashara zao, waliokwenda vitani pamoja na Sparta bila kuwa na kauli katika mkutano wake. Raia kamili hakufanya biashara wala ufundi. Kazi yake ilikuwa moja.

Kazi hiyo ilianza akiwa na miaka saba. Mtoto wa kiume alitolewa kwao akatiwa katika kundi la rika lake chini ya msimamizi wa watoto, ambaye aliandamana na vijana wenye mijeledi. Alitembea miguu mitupu. Alivaa vazi moja mwaka mzima, kiangazi na kipupwe. Alilalia matete ya mto Eurotas aliyoyavunja kwa mikono yake. Chakula alipewa kidogo kwa makusudi, ili ajifunze kuiba. Akikamatwa anachapwa, kosa lake likiwa kukamatwa. Hadithi inayopendwa zaidi, ya watoto wachanga wanyonge kutupwa chini ya Taygetus, inatoka kwa Plutarch peke yake, aliyeandika miaka zaidi ya 500 baadaye. Mfalme Agesilaus, aliyetawala siku za Kinadon, alikuwa akichechemea mguu mmoja na akaishi hadi uzeeni. Warithi wa ufalme walisamehewa mafunzo hayo. Agesilaus aliyapitia yote kwa sababu hakutarajiwa kutawala.

Miaka mingi baadaye, Sparta ilipokuwa mji mdogo chini ya Roma, wavulana walichapwa kwenye madhabahu ya Artemis Orthia mbele ya watazamaji waliosafiri kuja kuona. Katika karne ya 3 BK mahali hapo palijengewa majukwaa ya mawe. Sehemu ya yale tunayoyasoma juu ya ukali wa Sparta iliandikwa na watu waliokuwa wametoka kwenye maonyesho hayo, kwa hiyo yafaa kuyapokea kwa tahadhari.

Kijana aliyemaliza mafunzo alihitaji kuingia bwalo. Hapa ndipo penye fundo la mambo yote, japo hapana umaarufu wa upanga wala ngao. Kila raia alikula chakula cha jioni pamoja na wenzake wapatao 15, si nyumbani kwake. Kuingia kulihitaji ridhaa ya wote: kila mwanachama alitupa tonge la mkate kwenye bakuli, na tonge moja lililobinywa lilitosha kumkataa mwombaji. Chakula kilikuwa cha kikoa. Kila mwezi mwanachama alileta unga wa shayiri, mvinyo, jibini, tini na fedha kidogo ya kitoweo, vyote vikitoka kwenye shamba lililolimwa na waheloti wake. Asiyeweza kuleta fungu lake alitoka bwaloni. Na aliyetoka bwaloni aliacha kuwa raia kamili, hata kama alipitia mafunzo yote na mwili wake umejaa makovu ya vita.

Kule Krete, anaeleza Aristotle, mabwalo kama hayo yaligharimiwa na mali ya umma, tajiri na maskini wakala pamoja. Sparta ilimtoza kila mtu sawa, na hapo ndipo usawa wake ulipoanza kuwala wenyewe. Mashamba yaligawanywa kwa urithi, watoto wa kike nao wakapata. Familia zenye mali zikaoana ili mali isitoke. Familia zenye watoto wengi zikamegewa vipande visivyotosha kulipia bwalo. Serikali ilitaka askari, ikaweka sheria kwamba baba wa wana watatu asamehewe huduma ya jeshi, na wa wana wanne asamehewe kila tozo. Matokeo yake, kama Aristotle alivyoona upesi, ni kwamba mashamba yalizidi kukatwakatwa na maskini wakaongezeka. Kufikia wakati wake, karibu sehemu mbili kwa tano za ardhi zilikuwa mikononi mwa wanawake. Alilalamika sana juu ya hilo, kwa chuki ya kawaida ya wanaume wa zama zake, lakini hesabu yake inatufaa. Wanawake wa Sparta walimiliki mali na kufanya mazoezi ya viungo hadharani. Kyniska, dada yake Agesilaus, alikuwa na farasi waliomshindia mashindano ya magari huko Olympia mwaka 396 na 392 KK. Upande wa pili wa utajiri huo ni mwanamume aliyefukuzwa bwaloni kwa kukosa unga.

Kinadon alihesabiwa katika daraja hilo la walio chini ya Walio Sawa. Xenophon anasema alikuwa na nguvu za mwili na ushujaa wa moyo, ila hakuwa mmoja wao. Haelezi kwa nini, nasi hatuna haja ya kubuni. Kulikuwa na wengi wa namna yake: walioshindwa kulipa, waheloti walioachwa huru kwa kazi ya vita, watoto waliolelewa katika nyumba za wenye mali wakapata mafunzo bila kuwa na shamba. Dola iliwatumia wote. Iliwapeleka mbali, chini ya majemadari wake, huku raia wenyewe wakipungua. Mwaka 424 KK jemadari Brasidas alikwenda kaskazini na waheloti 700 waliovishwa silaha nzito, na wakampigania vizuri.

Sasa tuzitazame idadi, maana ndizo zilizoiangusha Sparta. Herodotus anataja wanaume 8,000 mwaka 480 KK. Mwaka 425 KK, kwenye kisiwa cha Sphacteria, askari 292 wa jeshi la Sparta walitekwa na Waathene wakiwa hai. Kati yao kama 120 tu ndio waliokuwa raia kamili. Kwa ajili ya watu 120 Sparta iliomba amani. Ugiriki ilishangaa kwamba Wasparta wamejisalimisha, lakini mshangao mkubwa zaidi ulipaswa kuwa juu ya thamani ya kichwa kimoja. Kisha mwaka 371 KK, kwenye uwanda wa Leuctra, Epaminondas wa Thebes alipanga kikosi chake kwa kina cha watu 50 upande wa kushoto, akakielekeza pale aliposimama mfalme wa Sparta na watu wake bora. Raia kamili 700 walikuwako. Walikufa 400, na mfalme Kleombrotus pamoja nao.

Sheria ilisema anayekimbia vitani avuliwe heshima zake: akose ofisi, akose mtu wa kumwoza binti, avumilie kupigwa na yeyote atakaye. Baada ya Leuctra waliokimbia walikuwa wengi kuliko Sparta ilivyoweza kumudu kuwapoteza. Agesilaus aliombwa atoe shauri. Akaagiza sheria zilale kwa siku ile moja, ziamke kesho yake. Plutarch anayasimulia haya kwa kustahi busara ya mfalme. Mimi naona ni mtu aliyehesabu, kama Kinadon alivyohesabu, akapata jibu lilelile.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata, Epaminondas aliingia bonde la Eurotas. Serikali ilitangaza kwamba mheloti atakayeshika silaha kuulinda mji atapata uhuru wake. Walijiandikisha zaidi ya 6,000, na Xenophon anasema Wasparta waliwaogopa kwa wingi wao walipowaona wamejipanga safu. Mji haukutekwa. Lakini Epaminondas alivuka hadi Messenia, akawakusanya wenyeji pamoja na wana wa wakimbizi wa zamani, na mwaka 369 KK wakaanzisha mji wa Messene chini ya Ithome, mlima uleule wa maasi. Kuta zake za mawe bado zimesimama sehemu nyingi. Sehemu kubwa ya hazina ya Sparta, yaani udongo na wakulima wake, iliondoka kwa msimu mmoja, na Wasparta wakakataa kuutambua mji huo, vizazi na vizazi, kana kwamba ni mgogoro wa mpaka tu.

Aristotle alipopiga hesabu baadaye alisema nchi ile ingeweza kuwalisha wapanda farasi 1,500 na askari wa miguu 30,000, na bado raia hawakufika 1,000. Katikati ya karne ya 3 KK, anasema Plutarch, walibaki wasiozidi 700, na labda 100 kati yao ndio waliokuwa na ardhi. Mfalme kijana Agis wa Nne alitaka kufuta madeni na kugawa mashamba upya, awaingize waperioiko na wageni waliofaa katika uraia. Wenye mali walimkubalia la madeni, wakamzuia la mashamba, kisha wakamnyonga gerezani mwaka 241 KK pamoja na mama yake na bibi yake. Kleomenes wa Tatu, aliyefuata nyayo zake, hakutaka kujadiliana: aliwaua maefori wanne kati ya watano, akaifuta ofisi yao, akagawa ardhi, akaongeza raia.

Vita na Macedonia vilipombana, Kleomenes aliwauzia waheloti uhuru wao kwa mina tano kila mmoja. Walijitokeza 6,000 wenye fedha hiyo. Kwa hiyo chini ya vita vilivyotangazwa kila mwaka, chini ya krupteia na nusu ya mavuno, kulikuwa na watu waliokuwa wakijiwekea akiba kidogo kidogo, mahali ambapo hakuna mwanahistoria aliyejali kuchungulia. Jumla ilifika talanta 500. Kleomenes akawatia silaha 2,000 kati yao kwa mtindo wa Kimacedonia, na mwaka 222 KK akapigana huko Sellasia, kaskazini ya mji. Karibu jeshi lake lote la Sparta liliangamia. Antigonus Doson, mfalme wa Macedonia, akashuka kwenye bonde la Eurotas akaingia Sparta, akarudisha ofisi ya maefori, akakaa siku chache na kuondoka.